Kuusoma Mto: Mwongozo wa Kuwapeleka Wanafunzi Mtoni

Chota maji ya mto kwenye glasi, uyainue juani. Yakionekana maangavu, umejua jambo moja tu: kwa sasa hayana tope. Dawa ya wadudu iliyooshwa na mvua kutoka bustani ya mchicha wiki iliyopita huioni. Maji ya chooni yaliyofunguliwa usiku wa manane huyaoni. Hata ukiipeleka chupa maabara, jibu litahusu maji ya dakika ile, nayo yalishateremka zamani. Lakini chini ya jiwe yupo mdudu aliyeishi palepale kwa miezi. Mbawa hana bado, na maji yakichafuka hana pa kukimbilia. Sumu ikipita, inampitia yeye. Oksijeni ikipungua majini usiku, anakosa pumzi. Ukimkuta hai, mto ulikuwa mzima kwa muda wote huo. Usipomkuta mahali alipostahili kuwepo, pana jambo limetokea, na sasa unajua pa kuanzia kuuliza.

Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kujifunza kumtambua mdudu huyo kwa asubuhi moja. Ndiyo maana nauandika mwongozo huu kwa ajili yako mwalimu, mlezi wa klabu ya Malihai au ya mazingira, au mzazi unayeishi karibu na kijito na una watoto wenye maswali. Huhitaji maabara. Unahitaji mipango, macho, na nia ya kurudi mahali palepale tena na tena.

Mfano wangu utakuwa Mto Morogoro. Unazaliwa kwenye misitu ya milima ya Uluguru, unashuka kwenye mawe, unapita katikati ya mji, kisha unaingia Mto Ngerengere. Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam kabla ya kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Mtoto wa Morogoro anayeinua jiwe mtoni ameshika kipande cha mwanzo cha safari hiyo. Ila njia yenyewe inafaa kwenye mto wowote mdogo wenye mawe: Zigi inayolipatia jiji la Tanga maji, Themi ya Arusha, Karanga ya Moshi, au kijito kisicho na jina kwenye ramani kinachopita nyuma ya shule yenu.

Usalama kwanza

Mito yetu ina hatari, na mlezi asiyezijua asiwapeleke watoto wa wenzake. Hatari zenyewe zinaepukika.

Kwanza ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi chochote. Hutoka kwa wingi jua linapopanda, kwenye saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na hupenda maji yaliyotulia yenye majani pembeni. Kwa hiyo nendeni mapema, saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, na mtoke majini kabla ya saa nne. Chagueni sehemu yenye maji ya kasi na mawe, mbali na vidimbwi. Anayeingia majini avae gambuti na glavu ndefu za mpira, na aliyelowa ajifute kwa taulo palepale. Kabla ya yote, pita zahanati ya jirani umuulize mganga kama eneo lenu lina kichocho. Akisema lipo kwa wingi, watoto wabaki ukingoni, watu wazima wenye gambuti ndio wavue, na watoto wafanye kazi ya beseni. Kazi ya beseni ndiyo tamu kuliko zote, hawatakosa kitu.

Pili ni mafuriko ya ghafla. Mvua hainyeshi lazima mlipo ninyi. Inaweza kunyesha Uluguru juu huku mjini jua linawaka, na maji yakafika yamebeba magogo. Ukiona wingu zito mlimani, ahirisha. Mkiwa tayari mtoni, maji yakigeuka rangi ghafla, yakileta majani na vijiti au yakianza kunguruma, kila mtu atoke upande uleule alioingilia, na vifaa viachwe hapohapo. Msimu mzuri ni kuanzia Juni hadi Septemba, kati ya masika na vuli, mto ukiwa chini na mawe yakionekana.

Tatu, mamba na kiboko. Sehemu za chini za Ruvu, na mito mingi mikubwa ya tambarare, si mahali pa watoto hata kidogo. Kijito cha mlimani kinatosha.

Weka sharti ambalo halijadiliwi: maji yasizidi magoti ya mtoto mfupi kuliko wote. Mimi napendekeza mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanane, na mmoja wao akae ukingoni bila kazi nyingine ila kuhesabu vichwa. Pata ruhusa ya wazazi kwa maandishi, mjulishe mwalimu mkuu na mwenyekiti wa mtaa. Mkitaka kuingia ndani ya msitu wa hifadhi, kibali kitafutwe mapema.

Vifaa vya bei ya sokoni

Tengenezeni wavu wenyewe. Waya mnene uliokunjwa kuwa mraba, mpini wa fimbo, na kipande cha pazia la neti kilichoshonwa kwa uzi imara. Msitumie chandarua cha mbu. Vyandarua vingi vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa wadudu wa majini na kwa samaki. Mtakuwa mmeua mnachokwenda kukitafuta, na mabaki yataendelea kuua mkishaondoka. Kama wavu umewashinda, chujio kubwa la jikoni linafaa.

Ongezeni beseni jeupe au mawili. Weupe ni muhimu, kwa sababu wadudu wengi wana rangi ya jiwe na kwenye beseni la bluu hutawaona. Vijiko vya plastiki vya kuhamishia, brashi laini ya rangi ya kusugulia mawe, lenzi ya mkono kama ipo, futikamba, kaunta buku na penseli. Kalamu ya wino ikilowa, kumbukumbu ya siku nzima inapotea. Na bebeni chungwa moja, nitaeleza kwa nini.

Chagueni vituo viwili, au vitatu kama mna muda. Kimoja kiwe juu, kabla mto haujafika kwenye nyumba na mashamba. Kingine kiwe chini, baada ya mji, gereji au bustani za mboga. Kituo kimoja peke yake hakisemi mengi, kwa sababu hujui mto wenu ungekuwaje bila watu. Cha juu ndicho kipimo chenu.

Anzeni kwa kutulia

Mkifika, msiingie majini. Waketishe watoto ukingoni kwa dakika kumi, kimya, kila mmoja aandike anachokiona, anachokisikia na anachokinusa. Wapo watakaomwona mdiria ametua kwenye tawi lililoinamia maji. Mdiria anayevua hapo anawaambia kwamba kuna visamaki, na maji yanamruhusu kuwaona. Wengine wataona kenge akikimbilia majanini, nyayo za ndege kwenye tope, kereng'ende wakikimbizana. Wengine watanusa kitu kama yai bovu, waandike hivyo hivyo. Wachore mto ulivyo: miti iko wapi, ukingo umebomoka wapi, bomba linatoka wapi, taka zimerundikana wapi. Mchoro huo ndio utakaoeleza baadaye kwa nini wadudu wa hapa si wa pale.

Sasa chungwa. Pimeni mita 10 kando ya maji, mtoto mmoja juu, mwingine chini, wa tatu na simu ya mwalimu ya kuhesabia sekunde. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo hauliyumbishi kama unavyoliyumbisha jani au chupa tupu. Tuseme limetumia sekunde 20. Mwendo wake ni nusu mita kwa sekunde. Kama mto una upana wa mita 3 na kina cha wastani cha sentimita 20, zidisheni 3 kwa 0.2 kwa 0.5, mtapata mita za ujazo 0.3 kila sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwama kwenye mawe, basi zidisheni tena kwa 0.8. Jibu ni lita 240 kila sekunde, yaani ndoo 12 za lita ishirini. Nimeona hesabu ya desimali iliyokataa kuingia darasani ikiingia mtoni bila kubembelezwa, maana sasa ni hesabu ya kitu kinachopita mbele ya miguu yao.

Kuwavua

Anayeshika wavu asimame akitazama mto unakotoka, wavu umegusa chini. Mwenzake asimame mbele yake upande wa juu, avuruge mawe na kokoto kwa mguu. Wadudu watang'oka na maji yatawaingiza wavuni. Fanyeni hivyo kwa dakika tano kwa jumla, lakini msimalizie dakika zote mahali pamoja: kidogo kwenye mawe ya maji ya kasi, kidogo kwenye maji yaliyopoa, kidogo kwenye majani na mizizi ya ukingoni, kidogo kwenye mchanga. Kila kona ina wakazi wake. Inueni pia mawe kadhaa ya ukubwa wa kichwa, myasugue kwa brashi juu ya beseni, kisha kila jiwe lirudishwe palepale, upande uleule chini. Jiwe hilo ni nyumba ya viumbe, nao bado wanaihitaji.

Mimineni vilivyomo wavuni kwenye beseni lenye maji ya mto, kina cha vidole viwili. Wekeni kivulini. Halafu subirini. Mwanzoni beseni linaonekana na majani na mchanga tu, na mtoto mmoja atasema hamna kitu. Baada ya dakika moja kijiti kinaanza kutembea.

Wakazi wa chini ya jiwe

Huyo mwenye kijiti ni mjenzi. Ni buu laini kama funza, na kwa sababu mwili wake ni laini anajishonea nyumba. Hutoa uzi wa hariri mdomoni na kuunganisha punje za mchanga, vipande vya majani au vijiti, kila jamii kwa mtindo wake, kisha hutembea na nyumba yake akitoa kichwa na miguu sita. Wapo ndugu zake wasiojenga nyumba ya kubeba, bali hutega wavu mdogo sana kati ya mawe na kula kinacholetwa na maji. Akikua hutoka majini akiwa kama nondo mdogo wa kahawia, yule anayezunguka taa za barazani.

Tafuteni sasa yule wa thamani kuliko wote. Ana mikia miwili mirefu, mwili wa njano na kahawia, na matamvua yaliyojikusanya kama nyuzi kwapani, pale miguu inapoanzia. Huyu anataka maji ya baridi, ya kasi, yenye oksijeni tele. Kwenye vijito vya msituni Uluguru ndiko mahali pake. Mwangalieni kwa makini akiwa ndani ya beseni: maji yakitulia na kuanza kupata joto, huanza kuinua na kushusha mwili wake kwa miguu, juu, chini, juu, chini. Anayasukuma maji yapite kwenye matamvua yake kwa sababu pumzi imeanza kumpungukia. Hapo ndipo mahali pa kufundishia oksijeni. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu tu. Mkiukata mti wa ukingoni, jua likapiga maji siku nzima, mnamfanyia huyu mdudu kile ambacho beseni linamfanyia sasa. Watoto wakishaona, mrudisheni mtoni mara moja.

Msimchanganye na jirani yake, ambaye kwa kawaida ana mikia mitatu myembamba kama nywele, ingawa baadhi ya jamii zake zina miwili. Hapa mkia haukati shauri. Tazameni matamvua: huyu anayo ubavuni mwa tumbo, pande zote mbili, mfano wa vijani vidogo vinavyopepea. Wengine wa kundi hili ni bapa kabisa, wanang'ang'ania jiwe, hata maji ya kasi hayawang'oi. Wengine ni wembamba, wanaogelea kwa mikupuo kama visamaki. Akishakuwa mkubwa na kupata mbawa, mdudu huyu hana tena mdomo wa kulia. Huishi saa chache au siku moja mbili, akapata mwenza, akataga majini, akafa. Maisha yake yote halisi yalikuwa pale chini ya jiwe.

Kereng'ende kila mtoto anamjua akiruka. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya umri wake ameishi majini, akiwinda. Buu wa kereng'ende mnene ana mdomo wa chini uliokunjwa kama mkono, anaurusha mbele kumnasa windo kwa kufumba na kufumbua. Akishtuka, anasukuma maji kwa nyuma na kufyatuka mbele. Kereng'ende mwembamba ana buu mwembamba vilevile, na mwishoni mwa mwili ana vipande vitatu bapa kama majani. Watoto huvichukulia kuwa mikia mitatu ya yule jirani wa hapo juu, kwa hiyo tazameni: majani au nywele?

Kaa wa mtoni atawafurahisha na kuwabana. Ashikwe kwa nyuma ya gamba, vidole viwili, mbali na magando. Ana kazi kubwa vijitoni mwetu milimani, kutafuna majani yaliyoanguka kutoka msituni na kuyageuza chakula cha wadogo wasioweza kuyatafuna. Mgeuzeni taratibu mumkague kwa lenzi. Zipo jamii za usubi, wale inzi wadogo wanaoambukiza ugonjwa unaopofusha macho, ambazo mabuu wao hujishikiza juu ya mwili wa kaa na kusafiri naye. Usubi wengine hujibandika kwenye mawe na majani ya maji ya kasi kwa kishikizo cha nyuma, vichwa vikielekea maji yanakokwenda, wakifungua pepeo mbili mdomoni kuchuja chakula. Mto mzima hauna viumbe tunaowapenda pekee. Huo pia ni ujuzi, na ni sababu ya kuvaa mikono mirefu.

Mkishuka hadi kituo cha chini, jamaa hubadilika. Huko mtakutana zaidi na konokono, ruba, minyoo myembamba iliyojizika topeni, na mabuu mekundu kama uzi wa damu. Wekundu wake ni himoglobini, kemikali ileile inayobeba oksijeni katika damu yetu. Buu huyu ameumbwa kuikamata oksijeni hata ikiwa kidogo sana, ndiyo maana anastawi pale wengine walipokufa. Kumwona mmoja mmoja si habari. Kumwona yeye na minyoo peke yao, mamia kwa mamia, mahali ambapo kilomita chache juu mlikuta kaa na wajenzi, ni habari kubwa. Mkikuta na utando mzito wa kijivu kama pamba chafu umeshika mawe, tafuteni maji taka yanakoingilia.

Mara nyingi, hata hivyo, adui si kemikali bali udongo. Mashamba ya mteremkoni yasiyo na matuta yanamwaga tope kila masika, na tope linaziba nafasi kati ya kokoto. Nafasi hizo ndizo vyumba vya hawa wote niliowataja. Maji yanaweza yasiwe na tone la sumu na bado mto ukawa mtupu kwa sababu vyumba vimejaa udongo.

Kutoa alama

Wataalamu wamekuwa wakiisoma mito kwa wadudu tangu zamani. Afrika Kusini walikuwa na mfumo wa kitaalamu, kisha wakaufupisha kwa ajili ya wanafunzi na wananchi kwa jina la miniSASS. Kwetu, Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mwaka 2015 mfumo wa mito ya Tanzania uitwao TARISS. Huo wa Tanzania unataka mtu aliyefunzwa kutambua jamii nyingi. Kwa watoto, ule mfupi unatosha.

Kila kundi lina alama yake kulingana na linavyoumia na uchafu. Mwenye matamvua kwapani ana 17. Mwenye matamvua ubavuni akiwa bapa au mtambaaji ana 11, na yule mdogo anayeogelea kama kisamaki ana 5. Mjenzi 9. Kaa na uduvi 6, kereng'ende mnene 6, mwembamba 4. Kunguni na mende wa maji 5, konokono 4, minyoo bapa 3. Minyoo ya kawaida 2, ruba 2, mabuu wa jamii ya inzi na mbu 2. Kundi likionekana, hata mdudu mmoja, linahesabiwa mara moja tu. Jumlisheni alama, mgawanye kwa idadi ya makundi mliyoyaona.

Tuseme juu mmepata mwenye matamvua kwapani, wote wawili wenye matamvua ubavuni, mjenzi, kaa, kereng'ende mnene na mende wa maji. Jumla ni 59, makundi 7, wastani 8.4. Chini mmepata minyoo, ruba, konokono, mabuu wa inzi na kunguni wa maji: jumla 15, makundi 5, wastani 3. Kwa kukadiria, wastani uliopanda juu ya 7 ni wa mto ulio karibu na hali yake ya asili, na ulioshuka chini ya 5 ni wa mto ulioumizwa vibaya. Lakini msiing'ang'anie namba kama amri. Mfumo ulipimwa kwenye mito ya Afrika Kusini, na kijito chenu chenye mchanga kitakuwa na alama ndogo kwa asili yake. Tofauti kati ya vituo vyenu viwili, na kati ya mwaka huu na mwaka ujao, inasema mengi kuliko namba moja iliyosimama pekee.

Waandike kila kitu palepale: tarehe, saa, hali ya hewa, makundi, alama, jina la aliyetambua. Wakibishana kuhusu mdudu, waandike ubishi huo. Kisha wote, wadudu na maji yao, warudishwe mtoni polepole, beseni likiinamishwa ukingoni. Asibebwe mdudu kwenda shuleni kwenye chupa. Atakufa njiani.

Wazungumze na watu wa mto

Mto una wakazi wengine, nao si wa kuvuliwa kwa wavu. Mtakuta mama anafua, kijana anaosha bodaboda, mzee anamwagilia mboga. Wafundisheni watoto kusalimia kwanza na kuomba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnatafuta nini humo?"

"Tunaangalia wadudu, bibi. Zamani mto huu ulikuwaje?"

Hapo bibi anaweza kuwapa kile ambacho beseni halina: samaki gani walivuliwa hapa akiwa msichana, maji yalifika wapi kiangazi, kisima kipi kimekauka, mwaka gani daraja lilichukuliwa. Wamsikilize, waandike kwa maneno yake, wamshukuru.

Nina msimamo mkali hapa: asitokee mtoto, wala mwalimu, wa kumkaripia mama anayefua mtoni. Anafua pale kwa sababu bomba halijamfikia au bili imemshinda. Povu la sabuni yake lina madhara, ndiyo, lakini mkimwaibisha hatawaambia lolote tena, na watoto watajifunza kwamba mazingira ni fimbo ya kuwachapia maskini. Akiuliza mmegundua nini, mwambieni kwa adabu, na mjadiliane naye kama inawezekana kufulia kwenye karai hatua kadhaa kutoka majini na kumwaga maji ya sabuni kwenye udongo.

Matokeo yasilale kabatini

Mkirudi, choreni grafu kubwa, vituo viwili bega kwa bega, muibandike kwenye ubao wa matangazo wa shule na, mkikubaliwa, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Wanafunzi wenyewe waieleze kwenye mkutano wa wazazi. Nakala ipelekwe ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu. Kwa Morogoro ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo makao yake yapo mjini humohumo. Kama kuna jumuiya ya watumia maji kwenye kijito chenu, anzeni nayo, kwa sababu wanachama wake ndio wanaolima na kunywesha mifugo pale. Mkishuku sumu au mkikuta samaki waliokufa, msichovye mkono tena. Pigeni picha, andikeni saa na mahali, toeni taarifa siku hiyohiyo.

Watoto watauliza sheria inasemaje, basi uwe nalo jibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wapeni futikamba wakapime mita 60 kutoka ukingo wa kituo chenu cha chini, wahesabu kilichomo ndani ya eneo hilo. Hakuna haja ya kuongeza maneno.

Kazi ya mikono ipo pia, ila ichaguliwe kwa akili. Kupanda miti ya asili ukingoni kunashusha joto la maji na kushika udongo, mradi miche imwagiliwe kiangazi cha kwanza na kuzungushiwa miiba mbuzi wasiitafune. Msipande mikaratusi, inakunywa maji mengi mno. Kuokota chupa za plastiki kunapendeza macho na picha, lakini hakumrudishi mdudu hata mmoja kama maji taka yanaendelea kuingia. Afadhali barua moja iliyoandikwa vizuri na darasa la sita, yenye namba zao na tarehe zao, kuliko mifuko ishirini ya taka.

Klabu ya Roots & Shoots, ambayo leo iko nchi nyingi duniani, mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1991 na kikundi kidogo tu cha wanafunzi. Yenu nayo inaweza kuanza na wanafunzi kumi, beseni jeupe na pazia kuukuu. Pangeni tarehe ya kwanza mwezi Juni, maji yakishapungua, na ya pili mwezi Septemba kabla ya vuli. Mwalimu ukihamishwa kabla ya hapo, mwachie mwenzako kaunta buku lile na umwonyeshe kwa mguu wako vituo vilipo. Kumbukumbu ya mto yenye miaka mitano mfululizo ina uzito mezani kwa ofisa yeyote wa maji, hata kama iliandikwa kwa penseli na watoto.